Hofu Si Boya

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

 Habari ya juma hili inaanzia hapa Tabora, nyumbani kwetu Unyamwezini, ingawa maji yake yako Kigoma.

Mvua zimeanza. Kwa mkulima wa mahindi na tumbaku hiyo ni neema. Lakini pembeni mwa mji, mashimo ya wafyatua matofali, ambayo kiangazi chote yalikuwa makavu, sasa yanajaa maji mekundu. Nikipita jioni nakuta watoto wamevua mashati, wanashindana nani ataruka mbali zaidi. Kila nikiwaona moyo hunidunda. Nina sababu yangu, nami nitaieleza. Ila naomba kwanza unifuate mpaka ziwani.

Katika likizo ya mwezi Juni, mwaka 2024, tulipanda treni ya reli ya kati kwenda Kigoma, mimi, mama watoto na watoto wetu watatu. Aliyeianzisha safari hiyo ni binti yetu wa kati, wakati huo akiwa na miaka 12. Shule yao ilikuwa imewapeleka Kwihara kuona tembe alimokaa Dakta Livingstone mwaka 1872, na huko wakaelezwa habari za njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa kwetu, ikaishia Ujiji. Aliporudi nyumbani aliniuliza: "Baba, hao wapagazi wakifika mwisho wa njia waliona nini?"

Nikamjibu, "Waliona ziwa."

"Likoje?"

Hapo nikababaika. Kigoma nilikwisha kufika mara tatu kwa kazi, kinasa sauti begani, nikahoji watu bandarini huku mgongo wangu umeelekea maji. Juu ya ziwa lenyewe sikuwa na la kumwambia mtoto.

Kwa reli, kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tulipita Urambo, tukapita Kaliua na Nguruka, tukavuka mto Malagarasi, tukafika Uvinza penye chumvi ambayo zamani ilikuwa bidhaa kubwa ya misafara. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye viti, watoto wanakula karanga. Wazee wetu, wapagazi wa Kinyamwezi, walikwenda njia hiyo kwa miguu na mzigo begani, na mateka waliotolewa ng'ambo ya ziwa waliipita wakisukumwa kwenda pwani wakiwa minyororoni. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka Tabora mwezi Desemba 1857, na mwezi Februari 1858 wakaliona ziwa.

Nasema wakaliona, lakini si wote wawili. Speke alikuwa anaugua macho, na siku walipofika juu ya kilima, yeye hakuona ila ukungu. Mtu ametoka pwani, ametembea zaidi ya miezi saba, amefika, na alichokifuata hakukiona! Niliwasimulia wanangu kisa hicho ndani ya behewa, tukacheka sana. Sikujua kwamba kicheko hicho kitanirudia.

Nje kidogo ya mji wa Kigoma zipo ghuba ndogo ndogo zilizojificha kati ya miamba. Mawimbi ya ziwa kubwa hayaingii humo kwa nguvu. Maji yametulia, tena ni maangavu kiasi kwamba ukisimama yakakufika kifuani, bado unaweza kuhesabu vidole vya miguu yako. Ni maji baridi yasiyo na chumvi, hayachomi macho. Ukitazama utulivu ule utasahau kwamba upo kando ya ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650, na ambalo kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu linalolizidi kina, nalo ni Baikal kule Urusi.

Mwenyeji wetu alikuwa kijana mvuvi wa miaka ishirini na kitu. Siku za kawaida tusingempata, maana angekuwa amelala mchana baada ya kuvua dagaa kwa taa usiku kucha. Lakini serikali ilikuwa imefunga shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa hiyo kijana alikuwa ufukweni akitafuta riziki nyingine. Alikuwa na jozi tatu za miwani ya kuzamia pamoja na mirija ya kupumulia, ile ambayo ncha moja unaiuma mdomoni na nyingine inachungulia juu ya maji, hata mtu aweze kulala kifudifudi na kutazama chini bila kuinua kichwa. Alikuwa pia na dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ndefu mkononi mwake. Nilidhani ni la kutekea maji.

Nilimwuliza habari za mamba, nikamwuliza habari za kichocho. Akanijibu kwa adabu: "Mzee, kila sehemu ya ziwa ina habari yake. Mamba wanapenda midomo ya mito na penye matete. Konokono wa kichocho nao wanapenda penye majani, maji yaliyolala. Hapa kwenye mawe tunaogelea tangu utoto wetu. Lakini ukienda mahali pengine uliza wa pale, usiseme uliambiwa na mimi." Nikaridhika. Swali ambalo sikuuliza ni lile lililonihusu mimi mwenyewe: nani kati yetu anajua kuogelea? Jibu ni kwamba hakuna. Watu watano kutoka Tabora, na hata mmoja hajui.

Binti alivaa miwani, akauma mrija, akajilaza juu ya maji yaliyomfika kiunoni. Mara tukasikia sauti ikitoka ndani ya mrija, hatuelewi anasema nini, ila furaha tuliielewa. Akawa anawafuata samaki. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, maji yakinifika mapajani, namtazama kama mtazamaji wa mpira. Samaki hawajui mpaka. Walikwenda ng'ambo ya jiwe kubwa, naye akawafuata, na nyuma ya jiwe lile chini palikuwa pameporomoka.

Maji kidogo yakaingia kwenye mrija. Yeye akafanya ambavyo yeyote kati yetu angefanya: akainua kichwa na kutaka kusimama. Mguu haukukuta kitu. Ndugu msikilizaji, watu hudhani mtu anayezama hupiga kelele. Hakupiga kelele. Mdomo ulikuwa na kazi ya kutafuta pumzi, na mikono ilikuwa inasukuma maji chini kana kwamba anapanda ngazi. Alikuwa umbali wa hatua kumi na mbili kutoka kwangu, sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kaka yake akavua shati amfuate.

"Usimfuate!" kijana alipaza sauti. "Utampa mzigo wa pili!" Na papo hapo akalirusha lile dumu. Likaangukia mbele ya binti, akalikumbatia kwa mikono miwili, kijana akavuta kamba polepole mpaka miguu yake ikagusa mchanga. Nadhani jambo lote halikuchukua hata dakika moja. Binti alikohoa, akatapika maji, akalia, kisha akanyamaza.

Nikatamka: "Basi. Tumemaliza. Vaeni nguo."

Sasa niieleze ile sababu niliyoiahidi.

Mwaka 1988, mimi nikiwa mtoto mdogo, kaka yangu aliyekuwa na miaka 11 alikufa maji. Hakufa ziwani wala baharini. Alikufa hapa hapa Tabora, katika shimo la matofali lililojaa maji ya mvua, ambalo katikati yake maji yangemfika mtu mzima mabegani. Alikuwa na wenzake watatu. Mmoja alimfuata, naye akaponea chupuchupu. Wawili walikimbia kuita wakubwa, na wakubwa walipofika kazi ikawa ni ya kutafuta mwili. Baada ya matanga baba yetu alipiga marufuku: mtoto wake yeyote asisogelee maji. Usemi wake ulikuwa, "Maji hayana rafiki." Ukirudi nyumbani na nywele mbichi ulichapwa kabla hujaulizwa. Marufuku hiyo niliirithi, na wanangu nikawarithisha, nikiamini kwamba nawalinda.

Ndipo pale ufukweni, nguo mkononi, nikalitazama lile dumu. Kando ya shimo la mwaka 1988 zilikuwepo kamba. Yalikuwepo madumu ya wafyatua matofali wenyewe, ya kutekea maji ya kukandia udongo. Hakukosekana chombo cha kumwokoa kaka yangu. Alikosekana mtu wa kujua. Na marufuku ya mzee wetu, Mungu amrehemu, haikutuongezea ujuzi wowote. Ilituongezea hofu tu. Ndiyo maana miaka 36 baadaye nilisimama hatua kumi na mbili kutoka kwa mwanangu nikiwa sina msaada kuliko wale watoto wawili waliokimbia.

Mama watoto alinivuta pembeni. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba watoto, ukimtoa sasa hivi hatarudi majini maisha yake yote. Atakuwa kama wewe."

Sikumjibu. Nilirudi kwa kijana nikamwomba atufundishe, wote watano, kuanzia mwanzo.

Alitukalisha mahali ambapo maji hayapiti kiuno cha mtu aliyeketi. Somo la kwanza lilikuwa kuingiza uso majini na kutoa pumzi, mapovu yatoke, basi. La pili, kupumua kwa mrija ukiwa umepiga magoti, na maji yakiingia humo uyapulize kwa nguvu moja yaruke nje, badala ya kuinua kichwa kwa fadhaa. La tatu, kulala chali, masikio ndani ya maji, kifua kimejaa hewa, mikono imetandazwa, na kumwachia maji mwili. Hilo la tatu lilinichukua saa nzima. Kitinda mimba wetu wa miaka 7 alilipata kwa dakika chache, kwa kuwa yeye hofu ilikuwa bado haijaota mizizi. Kwa kila somo lile dumu lilikuwa karibu na kamba ilikuwa mkononi mwa mtu. Binti aliingia wa mwisho, akimshika mama yake.

Alasiri ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilivaa miwani nikatazama chini.

Nilikuwa nawajua samaki wa Tanganyika kama unavyowajua wewe: dagaa kwenye gunia, mgebuka aliyebanikwa, kuhe kwenye sinia la wageni. Huku chini ya mawe ni nchi nyingine. Wapo wadogo kama kidole wenye mistari kama ya pundamilia, wapo wa manjano, wapo wenye mapezi yaliyochongoka kama nyuzi. Wengi wao ni wa ukoo mmoja na sato na perege. Katika ziwa hili ukoo huo una aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Yupo ambaye mama huyabeba mayai na vitoto vyake kinywani. Yupo anayeishi na kuzaa ndani ya kombe tupu la konokono. Na wapo ambao watoto wa mzao uliotangulia hawaondoki nyumbani, bali hubaki kulinda kiota na kuwafukuza maadui, hadi wadogo zao wapate nguvu. Hayo ya mwisho nilikuwa nimeyasoma. Lakini kusoma ni kusoma, na kumwona samaki asiyezidi kidole gumba akimkabili anayemzidi mara tatu kwa ajili ya mdogo wake ni jambo jingine. Nilimkumbuka kaka yangu, na ndani ya miwani yale hakuna aliyejua kama maji ni ya ziwa au ni yangu.

Hapo ndipo kisa cha Speke kiliponirudia. Mara tatu nilifika mwisho wa njia, nisione ziwa. Kuna watu Ujerumani, Japani na Marekani wanaofuga samaki hawa katika matangi ya kioo sebuleni mwao, na huwataja kwa majina ya mahali walikotoka: huyu wa Ikola, huyu wa Kipili, huyu wa Kigoma. Mtu wa ng'ambo anaijua Ikola kwa samaki wake, nami niliyezaliwa usiku mmoja wa treni kutoka ziwani sikuwahi kuinamisha uso.

Sasa turudi kwenye yale mashimo yetu ya matofali.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hao si mabaharia. Mtoto wa umri huo hazami katika safari ya meli. Huzama karibu na nyumbani, katika kisima, bwawa, mto, shimo, hata pipa. Kwa hiyo mkazi wa bara asiseme habari hii ni ya watu wa pwani na wa visiwani.

Wala sitaki kumpaka mtu asali. Kujua kuogelea si dawa ya kila ajali. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kabisa gati ya kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Kivuko kile kilikuwa kimepakia kupita kiasi, na waliokwama ndani chini ya wenzao hata wangekuwa waogeleaji hodari wasingekuwa na nafasi. Sheria za vyombo zisimamiwe, na kuogelea hakumwondolei mtu wajibu huo. Hata hivyo, katika ajali nyingi ndogo ndogo zisizoandikwa magazetini, tofauti kati ya uhai na kifo ni mambo yale matatu ya kijana wa Kigoma.

Na yanafundishika. Kule Nungwi, kaskazini ya Unguja, watu walio na bahari mlangoni waligundua kwamba wasichana wao wengi hawajui kuogelea. Ukaanzishwa mradi wa Panje, wakafundishwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili wote, ili heshima yao na dini yao visiguswe, na baadhi ya waliofundishwa wakawa walimu wa wenzao. Kama Nungwi wameweza bila kuvunja mila, sisi wa bara tunashindwaje?

Sidai kila shule ijengewe bwawa la kuogelea, maana zipo shule ambazo hata madawati hayatoshi. Naomba mambo manne yasiyohitaji kamati.

Kwanza, anayechimba shimo la udongo alifukie msimu ukiisha, au alizungushie miiba. Viongozi wa mitaa wanawajua wachimbaji kwa majina.

Pili, pasipofukiwa, paning'inizwe dumu tupu lenye kamba. Dumu la mafuta ya kula lililokwisha kazi latosha.

Tatu, kila mtoto afundishwe sentensi moja, nyumbani na darasani: mwenzako akizama usimfuate, mrushie kitu kinachoelea, au mnyooshee mti, huku unapiga kelele.

Nne, sisi wazazi, tukipata nafasi ya kufika penye maji salama na mtu anayeyajua, tusikae kivulini na soda tukiwakemea watoto. Tuingie nao. Anayeona haya kujifunza mbele ya mwanawe afikirie haya ya kushindwa kumwokoa.

Tangu mwaka ule familia yangu imerudi Kigoma mara mbili. Kijana yule sasa yuko kazini kwake, tunampata Jumapili tu. Binti yetu anaogelea kutoka jiwe hadi jiwe, na amekuwa mkali kuliko mwalimu wake: haruhusu mtu kuingia majini mpaka aone kamba iko mkononi mwa nani. Mimi bado ni mzito. Naweza kuelea chali nikahesabu mpaka mia, na mrija ukijaa maji nayapuliza bila kufadhaika.

Na jioni za mvua kama hizi, nikiwakuta watoto kwenye lile shimo la pembeni mwa mji, siwafukuzi tena kwa fimbo, kwa kuwa najua watarudi nikishapita. Ninawatoa majini, ninawakalisha chini, na ninawaonyesha dumu lililofungwa kwenye mti hapo. Nililifunga mwenyewe. Ninamwambia kila mmoja alirushe mara moja, nione kama anajua.

Maji kweli hayana rafiki, baba yetu alisema sawa. Lakini hofu nayo si boya.